Mkojo wa damu si balehe: Mkulima wa mpunga na hatari ya saratani ya kibofu

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, mvua zikishakolea kati ya Desemba na Februari, mashamba ya mpunga ya Usukumani hujaa watu. Kuanzia Kwimba na Misungwi hadi Maswa, Shinyanga na Igunga, majaruba yanafurika, ng'ombe wanavuta plau kwenye tope, na watu wameinama kutwa nzima wakipandikiza miche. Maji yanafika magotini. Anayeingia jarubani asubuhi hutoka jioni, na akibanwa na haja ndogo katikati ya kazi hatembei nusu kilomita kutafuta choo. Anajisaidia pale pale kwenye tuta, na maji yanaendelea na safari yake kuelekea kwa jirani.

Kurasa hizi kwa kawaida huzungumzia bei ya mchele, mbolea na masoko. Leo tunazungumzia kibofu cha mkojo, na hatujatoka nje ya mada. Hayo maji yanayompa mkulima gunia ndiyo hayo hayo yanayoweza kumpa kichocho, na kichocho kisichotibiwa kwa miaka mingi ni moja ya visababishi vinavyojulikana vya saratani ya kibofu. Mtu anayepata saratani ya aina hii mara nyingi yuko katika umri wa miaka 40 hadi 50 na kitu, yaani wakati ambao watoto bado wako shule na shamba linategemea mikono yake.

Tuseme mkulima ana miaka 46, ana ekari tatu za mpunga na jozi ya ng'ombe wa plau. Siku moja anaona mkojo unamalizikia na matone mekundu. Hauumi. Kesho yake haupo tena. Wiki mbili baadaye unarudi, anakwenda duka la dawa lililo jirani, anaeleza kwa sauti ya chini, na muuzaji anampa vidonge vya kutibu kisonono au "U.T.I.". Damu inakoma. Anajua amepona. Baada ya miezi mitatu inarudi, ananunua tena dawa ile ile. Hivyo hivyo unapita mwaka, na mwaka mwingine. Siku anayofika hospitali ya rufaa mkojo umeziba, amepungua mwili, na ng'ombe wale wawili wameshauzwa kulipia nauli, vipimo na kitanda. Msimu unaofuata analima kwa jembe la mkono, kama ana nguvu ya kulima.

Mfano huu hauna jina la mtu, lakini daktari yeyote wa magonjwa ya mfumo wa mkojo katika Kanda ya Ziwa ataufahamu mara moja.

Kilichofanya damu ionekane ya kawaida

Katika vijiji vingi vyenye kichocho, kijana wa miaka 12 au 14 akikojoa damu watu hawakushtuka. Wengine walisema amebalehe, kama vile msichana anavyovunja ungo. Wenzake kisimani walichekeana, na asiyekojoa damu ndiye aliyeonekana amechelewa kukua. Imani hiyo haikuwa ya Wasukuma peke yao, wala ya Tanzania peke yake. Imekutwa katika sehemu nyingi za Afrika ambako ugonjwa huu umekaa muda mrefu, kwa sababu rahisi tu: kama karibu kila mvulana anakojoa damu, damu inakuwa jambo la kawaida.

Ubaya ni kwamba kijana huyo anakua akiwa na somo moja kichwani, kwamba damu kwenye mkojo huja na kuondoka yenyewe. Akiwa na miaka 45 ikarudi, anaikumbuka kama jambo la utotoni. Hapo ndipo anapopoteza mwaka wa thamani.

Safari ya yai moja

Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo wadogo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Dume na jike hukaa pamoja kama mume na mke, na wanaweza kuishi hivyo kwa miaka mitatu hadi kumi, wakati mwingine zaidi. Kila siku jike hutaga mayai. Mayai hayo yana ncha kali, yanapenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo. Ndiyo sababu damu huonekana zaidi mwishoni mwa mkojo, kibofu kinapojikamua.

Yai likiangukia kwenye maji baridi, linapasuka na kutoa kijidudu kinachotafuta konokono. Si konokono yeyote. Ni konokono wadogo wa majini wa jamii inayoitwa Bulinus, wanaopenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole: malambo, mabwawa, mifereji yenye magugu, na majaruba. Ndani ya konokono kijidudu kimoja huzaa maelfu, na baada ya wiki kadhaa vinaanza kutoka vijidudu vyenye mkia, visivyoonekana kwa macho. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Vikikutana na ngozi ya mtu vinapenya kwa dakika chache, bila jeraha na bila mtu kujua, pengine mwasho kidogo tu.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa kanda ya ziwa hulichanganya. Ziwa Victoria lenyewe, kwenye fukwe na visiwa vyake, lina zaidi kichocho cha tumbo, ambacho huharibu ini na utumbo na si kibofu. Kichocho cha mkojo kimekaa zaidi bara, mbali kidogo na ufukwe, kwenye malambo na madimbwi ya mvua yanayojaa msimu na kukauka kiangazi. Konokono wa madimbwi hayo ana ujanja wake: maji yakikauka hujizika kwenye udongo na kusubiri mvua ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo lambo lililokauka hadi kupasuka nyufa lisikudanganye.

Tanzania hutajwa kuwa nchi ya pili barani Afrika kwa wingi wa kichocho, nyuma ya Nigeria. Unguja na Pemba wanakifahamu kichocho cha mkojo tangu zamani. Nchini Kenya kinajulikana zaidi Pwani, katika kaunti kama Kwale, Kilifi na Tana River.

Jinsi kichocho kinavyogeuka saratani

Si mayai yote yanayofanikiwa kutoka. Mengi hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kufia humo. Mwili huyapiga vita kila siku, ukuta unavimba, unapona kwa kovu, unavimba tena. Kibofu ambacho kilitakiwa kuwa laini kama mpira kinakuwa kigumu, na katika wagonjwa wa muda mrefu mayai yaliyokufa hugeuka kama chokaa hadi yanaonekana kwenye picha ya eksirei. Seli za ukuta huo zinalazimika kujijenga upya mara kwa mara, na katika kujijenga huko siku moja zinakosea. Kutoka maambukizi ya utotoni hadi uvimbe wa saratani inaweza kupita miaka 20 au 30.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo hao mara ya kwanza alipopasua maiti mjini Cairo, na ndiyo maana watu wa zamani waliuita ugonjwa huu bilhazia. Mwaka 1910 mtafiti aliyekuwa Misri, Marc Armand Ruffer, alikuta mayai ya kichocho kwenye figo za maiti za kale zilizokaushwa, zenye umri wa miaka kama 3,000. Mwaka uliofuata, 1911, A. R. Ferguson, naye akiwa Cairo, aliandika kuhusu uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Robert Leiper alithibitisha kazi ya konokono mwaka 1915. Na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) likaweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo bila shaka husababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku nayo imo kundi hilo.

Misri inastahili kutazamwa kwa makini na mkulima wetu, kwa kuwa yaliyotokea huko yalianza na umwagiliaji. Zamani Mto Nile ulifurika mara moja kwa mwaka, mashamba yakaloa, kisha yakakauka. Katika karne ya 19 na ya 20 yalichimbwa mifereji na kujengwa mabwawa ili maji yawepo mwaka mzima na pamba ilimwe zaidi. Mazao yaliongezeka. Konokono nao wakapata makazi ya kudumu, na mkulima akawa anasimama majini mwaka mzima. Kwa miaka mingi saratani ya kibofu ikawa ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa nchi hiyo.

Tiba nayo ilileta msiba mwingine. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 wanavijiji wa Misri walidungwa sindano za kutibu kichocho, na kwa kuwa sindano zilitumika kwa watu wengi bila kuchemshwa ipasavyo, zikaeneza virusi vya homa ya ini aina ya C. Dawa ya vidonge, prazikwanteli, ndiyo iliyobadilisha mambo. Kichocho kikashuka, na baada ya muda saratani ya kibofu inayotokana nacho ikapungua pia. Leo sehemu kubwa ya saratani ya kibofu nchini Misri ni ile inayofanana na ya Ulaya, ya wavuta sigara.

Sigara, rangi na maji ya kisima

Mtu anayeishi mjini, ambaye hajakanyaga jaruba maishani mwake, asidhani yuko salama. Kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, watu wapatao 614,000 duniani walipata saratani ya kibofu katika mwaka huo na wapatao 220,000 walikufa kwayo. Karibu watatu kati ya kila wagonjwa wanne ni wanaume.

Katika nchi zisizo na kichocho, sigara ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Inahusishwa na karibu nusu ya wagonjwa wote. Moshi unaingia kwenye mapafu, lakini sumu zake huingia kwenye damu, figo zinazichuja, na zinakaa kwenye kibofu kwa saa kadhaa zikisubiri mtu akojoe. Mvutaji ana hatari mara tatu au zaidi ya asiyevuta. Akiacha, hatari hupungua mwaka hadi mwaka, ingawa haifiki haraka ile ya mtu ambaye hakuvuta kabisa. Mkulima wa Urambo anaijua tumbaku kama ada ya shule na mabati ya nyumba, na sina nia ya kuanzisha ugomvi huo hapa. Lakini anayeivuta baada ya kutoka jarubani na kichocho chake amejitwika mizigo miwili kwenye kibofu kimoja.

Kundi la tatu ni kazi. Mwaka 1895 daktari wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza juu ya uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za nguo. Tangu hapo kemikali kadhaa za rangi na za mpira zimethibitika kuwa chanzo, na baadhi zimepigwa marufuku katika nchi nyingi. Kazi ya kupaka rangi, kwa ujumla wake, imo kwenye orodha ya kazi zinazosababisha saratani. Fundi anayepiga rangi magari kwa mashine ya kupulizia bila kuziba pua, anayechanganya rangi kwa mikono mitupu, au anayetengeneza ngozi kwa kemikali, ajue kwamba kinachoingia kwa pua na ngozi hutokea kibofuni. Glavu na kizuia pumzi cha kweli, si leso, ni sehemu ya mtaji wake.

Upo pia aseniki, sumu inayopatikana kiasili katika miamba ya baadhi ya maeneo, hasa penye dhahabu. Haina rangi wala ladha. Watu wakinywa maji yenye kiasi kikubwa cha sumu hiyo kwa miaka mingi, saratani ya kibofu huongezeka, kama ilivyotokea Taiwan na kaskazini mwa Chile. Wanaochimba kisima karibu na machimbo waombe maji yapimwe kabla ya kuanza kuyatumia.

Dalili za kuangalia

Dalili kubwa ni moja: damu kwenye mkojo bila maumivu. Inaweza kuwa nyekundu, ya waridi, au rangi ya chai ya rangi. Inaweza kuonekana siku moja na kupotea mwezi mzima. Kupotea kwake si kupona. Uvimbe wa kibofu hutoa damu unapotaka na kunyamaza unapotaka, na kunyamaza huko ndiko kunakowaua watu wengi zaidi kuliko maumivu yenyewe.

Dalili nyingine huja pamoja nayo au baadaye: kukojoa mara kwa mara, kuungua wakati wa kukojoa, kubanwa ghafla, mkojo kutoka kwa shida au kukatika, na kwa waliougua kichocho wakati mwingine vipande vyeupe ndani ya mkojo au damu kwenye manii. Maumivu ya kiuno upande mmoja, kuvimba miguu, kukonda na kukosa nguvu ni dalili za kuchelewa.

Kuna mambo matatu yanayowafanya wanaume wakosee njia. La kwanza ni aibu. Mtu akiona kitu kwenye njia ya mkojo anawaza zinaa, na anaogopa mkewe atasema nini. Basi anajitibu kimyakimya. La pili ni tezi dume. Mzee akipata shida ya kukojoa kila mtu anamwambia ni uzee, ni tezi, na wakati mwingine kweli ni tezi, lakini damu haipaswi kuachwa kwa maelezo hayo. La tatu ni kichocho chenyewe. Mtu wa zaidi ya miaka 40 akikojoa damu katika eneo la kichocho anapewa vidonge vya kichocho, na jambo linaishia hapo. Vidonge ni sahihi. Kuishia hapo ndiko kosa. Ikiwa damu haikukoma baada ya tiba, au imerudi, huyo anatakiwa kuangaliwa ndani ya kibofu.

Si kila mkojo mwekundu ni damu, hilo nalo tuseme. Viazisukari vyekundu, yaani bitiruti, hubadili rangi ya mkojo, na moja ya dawa za kifua kikuu huufanya uwe wa rangi ya machungwa. Lakini mwachie mtu wa maabara atofautishe.

Upande wa pili, ipo damu isiyoonekana kwa macho. Kijikaratasi cha kupimia mkojo, kinachopatikana katika vituo vingi vya afya, huitambua kwa dakika moja au mbili. Mkulima wa mpunga aliyefikisha miaka 40 na ambaye amekanyaga majaruba tangu utotoni hapotezi kitu akiomba kipimo hicho mara moja kwa mwaka, hata kama anajiona mzima.

Zahanati hadi hospitali ya rufaa

Ukienda kupima kichocho, saa ya kwenda ina maana. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri unaweza kusema huna kitu huku unacho. Na matone ya mwisho ndiyo yenye mayai mengi, kwa hiyo usijaze chombo kwa mkojo wa mwanzo ukaacha wa mwisho uende chooni.

Dozi ya prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Hesabu hii ni rahisi kuliko ya mbolea. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, na vidonge vingi vina miligramu 600, kwa hiyo anameza vinne. Mtu wa kilo 75 anameza vitano. Anayenunua viwili dukani kwa kuwa fedha imeishia hapo hajatibiwa. Zimezwe baada ya kula, maana ni chungu na zinaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu. Mwenye kifafa, au anayetoka sehemu zenye tegu wa nguruwe, amweleze mganga kabla ya kumeza.

Dawa hii huua minyoo wakubwa, lakini wale wachanga walioingia wiki chache zilizopita huwaacha. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujisafisha kwa faida zaidi ameze wiki sita hadi nane baada ya kutoka majini, kwa mfano baada ya mavuno, kuliko katikati ya kupandikiza. Hilo ni kwa asiye na dalili. Aliyeona damu asisubiri mavuno.

Watoto wa shule katika maeneo yenye kichocho hupewa vidonge hivi kwa kampeni, na kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikivitoa kwa WHO bila malipo tangu mwaka 2007. Watu wazima ndio waliosahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo mpya unaotaka jamii ambako angalau mtu mmoja kati ya kumi ameambukizwa itibiwe yote kuanzia umri wa miaka miwili, wakulima na wavuvi wakiwamo. Ni swali halali kabisa la kuuliza kwenye mkutano wa kijiji: sisi wa majarubani tunapewa lini?

Kwa uchunguzi wa saratani, hatua ya kwanza ni altrasaundi ya kibofu na figo, kipimo kinachopatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Kikionyesha uvimbe, au damu ikiendelea ingawa hakijaonyesha, mgonjwa hupelekwa kwenye kipimo cha kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, na kinyama hukatwa na kupelekwa maabara. Bugando mjini Mwanza, KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam zina madaktari wa fani hii. Tiba ya mionzi ipo Bugando na Ocean Road. Kabla ya kuondoka nyumbani omba barua ya rufaa, na ulizia kama kadi yako ya bima inafika huko unakokwenda.

Uvimbe ulio juu juu unaweza kukwanguliwa kwa kamera hiyo hiyo bila kupasua tumbo, na mtu akarudi kwake baada ya siku chache, ingawa atatakiwa kurudi kuchunguzwa kwa miaka. Kwa saratani ya wavuta sigara iliyo katika hatua hiyo, madaktari huweza kuingiza kibofuni chanjo ya BCG, ile ile ya watoto ya kifua kikuu, ili kuamsha kinga. Saratani ya kichocho kwa kawaida ni ya aina nyingine. Haisikii sana BCG wala dawa za kemikali, na mara nyingi hukutwa imeshaingia kwenye nyama ya kibofu. Hapo tiba kubwa ni kukiondoa kibofu chote na kutumia kipande cha utumbo kutengeneza njia mpya ya mkojo, pengine kwa mfuko unaovaliwa tumboni. Watu huishi na mfuko huo. Kupandikiza mpunga nao ni kazi nyingine.

Jarubani inawezekana kufanya nini

Ushauri wa kuvaa mabuti ya mpira ni mzuri, na hutolewa na watu ambao wengi wao hawajapandikiza mpunga. Kwenye tope zito buti hunasa na mguu ukatoka mtupu. Kwa anayefungua maji, anayesafisha mfereji, anayenyunyiza mbolea au kumwagilia bustani, mabuti yanafaa na avae. Kwa anayepandikiza, njia nyingine zina nguvu zaidi.

Ya kwanza ni choo cha shimo karibu na mashamba, hata kama ni cha makuti na mabua. Bila mkojo majini konokono hana cha kupokea. Wakulima kumi wa mfereji mmoja wakichimba choo kimoja wamefanya kazi kubwa kuliko jozi kumi za mabuti, na wakikubaliana kutozana faini kwa anayekojoa mferejini itakuwa bora zaidi.

Ya pili ni magugu ya majini. Huko ndiko konokono hula na kutaga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kutoka vijiji vya kaskazini mwa Senegal ulionyesha kwamba palipong'olewa magugu kwenye sehemu za kuchotea maji, konokono walipungua na watoto waliambukizwa tena kichocho cha tumbo kwa kiwango kidogo. Watafiti hao hawakuyatupa magugu. Waliyafanya mboji, na vitunguu na pilipili vikazaa zaidi. Mengine wakalisha kondoo, yakawa chakula cha bei nafuu. Waliona pia kwamba penye mbolea nyingi za dukani zinazotiririkia majini, magugu yalishamiri. Anayeng'oa atumie reki ndefu na avae mabuti na glavu, asije akapata kile anachokikimbia.

Kilimo shadidi nacho, ambacho huacha jaruba likauke na kuloweshwa kwa zamu, humpunguzia mtu siku za kusimama majini, hata kama konokono wa kwetu anajua kujizika. Na kwa kuwa vijidudu hutoka zaidi jua likiwa kali, kazi za majini zinazoweza kufanyika mapema asubuhi zifanyike mapema.

Maji ya kuogea yaliyochotwa lambo yakikaa kwenye pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili, vijidudu vinakuwa vimekufa. Ya kunywa yachemshwe. Watoto waliokwenda lamboni kunywesha ng'ombe ndio wagumu kuwazuia, maana wao huogelea.

Zanzibar walijaribu kupambana kwa pamoja kuanzia mwaka 2012: vidonge mara mbili kwa mwaka kwa watu wazima na watoto, dawa ya kuua konokono kwenye baadhi ya mito, na katika sehemu nyingine elimu pamoja na kujengwa vyoo vya haja ndogo na majukwaa ya kufulia. Kichocho kilishuka sana, ingawa hakikumalizika, na kilibaki kwenye shehia chache zenye maji na konokono wengi. Hao walikuwa wanapambana na mito na mabwawa. Sisi tuna majaruba, ambayo hakuna atakayeyafunga.

Kwa msimu huu, wale waliokwishaona damu waende na maneno haya mafupi kwa mganga: nimekojoa damu, imeanza lini, imerudi mara ngapi, nimefanya kazi majini miaka mingapi, navuta au sivuti, na nimemeza dawa gani tayari. Waandike kwenye karatasi kama wanaona haya kutamka. Na wafike zahanati saa nne asubuhi wakiwa hawajaenda haja ndogo muda mfupi uliopita.